Kisahani cha Mwisho

Mkono wa kulia wa fundi mmoja wa maabara, mjini Groningen, ulikuwa wa kazi: ulidondosha maji ya chumvi juu ya visahani vya gegedu, ule mfupa laini, vile vinavyolala kwenye kiungo cha taya la nguruwe, karibu na sikio. Wa kushoto ulishinda shavuni mwake. Saa nne, jengo zima likikimbilia kahawa na biskuti moja moja, yeye hakuondoka. Aliyeondoka ni mwanafunzi, Sietske, akaacha kisahani chake cha mwisho bila maji kwenye mashine ya kukibana na kupima ulaini wake. Aliporudi kilikuwa kigumu kama soli.

"Nimekwisha, mama!"

"Hujaisha. Biskuti lakini ilikuwa tamu, eti?"

Fundi akakilaza kwenye maji ya chumvi, akakilinda kama maziwa jikoni. Kikavimba, kikang'aa. Akakibana tena, na mstari kwenye skrini ukapanda kwa ulaini uleule wa asubuhi.

"Kimerudi! Kimerudi, mwanangu!"

Akacheka kinywa wazi, taya lake likalia ka! hata Sietske akaruka. Mkono wa kushoto ukarudi upesi mbele ya sikio.

"Cha nguruwe kinasikia maji," akasema, bado anacheka. "Changu kimeteguka mwaka wa tisa huu, na bado nakibembeleza."