Siku Bibi Alipokuja Kutazama Mwimbaji Aliyeuza Sauti

Juzi nilirudi Masinya, upande wa Uganda, nikiendesha gari langu mwenyewe, diploma yangu ya umeme ikiwa kwenye fremu, na mahali palipokuwa na kibanda cha video nilikuta duka la saruji. Nilizima injini nikakaa. Wewe uliyekulia huku unakumbuka: pale ndipo tulipotazama mara kumi filamu ya mwimbaji aliyewauzia watu wa nyota sauti yake ili dunia nzima imjue. Walivaa suti za karatasi ya kung'aa, chombo chao cha anga kilikuwa sufuria dhahiri, na hakuna aliyekufa kabla ya kuimba kwanza. Wakubwa waliicheka. Sisi tulikuwa nayo yote kichwani.

Dada yangu aliipenda kuliko wote. Alikuwa fahari ya kwaya yetu, na bendi moja ya Busia upande wa Kenya ilikuwa imemwita akaimbe baa. Bibi aliyetulea, Kukhu wetu, akasema hatoi ruhusa kabla hajaiona filamu hiyo iliyomtia dada wazimu.

Akaja na kigoda chake na njugu za kukaanga. Mtafsiri, kijana wa kipaza sauti aliyetueleza kila filamu kwa Kiswahili, alikuwa ameshaombwa na dada amlainishe bibi. Mwishoni mwimbaji anarudi kwao, anafungua kinywa mbele ya mama yake, sauti haitoki, machozi yanamtiririka. Mtafsiri akatangaza: "Kukhu, huyu nalia furaha! Nanunulia mama yake nyumba!"

"Wewe mutoto, nyamaza," bibi akamjibu, kibanda kizima kikaangua kicheko. "Macho iko. Huyu naimba, lakini hakuna kitu natoka."

Filamu ilipoisha alibeba kigoda chake, tukarudi nyumbani. Asubuhi, akikoroga uji wa wimbi, akamwambia dada kwa lugha yetu ya nyumbani: "Nenda. Lakini kila Jumapili vuka mpaka uje uniimbie. Nataka kusikia kama sauti bado ni yako."

Alikuja Jumapili nyingi, na mkate na sukari. Kisha ikaja moja aliyoimba kwa sauti iliyokwaruzwa na moshi wa baa. Ubeti wa pili ukamshinda kabisa. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Hakumkaripia. Aliuchukua mkoba wa dada pale mlangoni, akaupeleka ndani, akatoka na majembe mawili. "Magugu yamekula mihogo. Twende."

Sauti ilirudi taratibu, na dada hakuvuka tena.

Bibi hayupo tena duniani. Mimi nimesifiwa katika kila mji niliofanya kazi, na sioni haya kusema nilistahili. Lakini hakuna aliyenisikiliza mpaka mwisho, kisha akaupokea mkoba wangu.