Nyangi Asiyeachia Kamba

Nyangi binti Gichana nilimjua kabla hajajua kufunga vifungo vya nguo yake. Wakati huo nilikuwa nikitembeza kamba. Nilisokota mkonge kwetu Uriri, nikazitundika begani, nikashuka nazo Isebania, nikarudi kwa njia ya Magunga mpaka Homa Bay mjini. Siku hizi watu wananunua nailoni dukani. Lakini miguu ilishazoea barabara, kwa hiyo bado natembea, na kamba mbili tatu begani nisionekane nazurura bure.

Gichana, baba yake, alikaa kwenye vilima vya juu ya Isebania. Ukisimama uani kwake ulikuwa unaona malori yamepanga foleni kungoja kuvuka mpaka kwenda Sirare, upande wa Tanzania. Mtoto wa kiume hakuwa naye. Alikuwa na maksai waliosifiwa mlima mzima, na alikuwa na Nyangi. Basi msichana ndiye aliyetangulia mbele na kamba mkononi, akiwaongoza, na baba nyuma ameshika plau. Majirani walinong'ona kwamba mtoto wa kike haongozi ng'ombe. Gichana akawajibu, "Ng'ombe wangu hawajalalamika."

Nilikuwa nikifika kwake msimu wa kulima, maana ndio msimu wa kamba kukatika. Nilikaa kwenye jiwe, nikapewa uji, nikatazama. Sijui nikwambie nini juu ya asubuhi zile. Udongo uliopinduliwa una harufu yake, na umande, na yule msichana mwembamba akiimba kwa Kikuria mbele ya wanyama ambao wangeweza kumkanyaga kama ndizi iliyoiva. Siku hizi trekta la kukodi linapita, linanguruma, linaondoka, na hakuna anayeimba.

Sheria ya Gichana ilikuwa moja: kamba haiachiwi. Asubuhi moja maksai mmoja mchanga alishtuliwa na pikipiki. Akamng'oa Nyangi, akamburuta kifudifudi kwenye matuta ya viazi, akielekea mahindi ya jirani. Hakuachia. Mnyama alisimama pua yake ikigusa mahindi, na msichana akainuka mdomo umejaa udongo, viganja vyote viwili vimechunika. Mimi nilidhani baba atakimbilia mikono. Yeye alikwenda kwanza kutazama mahindi.

"Umeona?" akamwambia. "Hata jani moja la mtu halijavunjika. Wewe ni mtoto wangu kweli."

Nyangi alitabasamu kwa meno yenye udongo. Nafikiri hakuna siku aliyosifiwa tena namna ile.

Gichana alipofariki, maksai walichukuliwa na ndugu zake. Nyangi akauza nyanya mpakani, kisha akafagia duka la Osman, mtu wa Malindi aliyekuwa akiuza vitambaa pale Isebania. Osman alipojenga nyumba ya wageni ziwani, chini ya Magunga, alimchukua akafue mashuka. Mtoto wa vilimani akateremka kwenye maji. Alianza kwa kuyaogopa. Halafu akawa anashuka jioni na wanawake wa ufuoni, amekumbatia jerikeni tupu kifuani, anapiga miguu. Mwisho jerikeni akaiacha.

Mwaka huu, mwishoni mwa mwezi wa kumi, nilimkuta kwenye nyasi mbele ya nyumba ile. Amevaa helmeti na jaketi la kuelea, na kiunoni amefungwa mkanda mpana wenye ndoano ya chuma.

"Mzee wa kamba!" akapiga kelele. "Umetoka wapi?"

"Barabarani. Na wewe, nani amekutandika kama punda?"

Akacheka mpaka helmeti ikamfunika macho. Alikuwa anajifunza kupanda ubao majini, ule mchezo wa kuvutwa na upepo. Ile kitu ya kitambaa inayopaa na kumvuta mtu, vijana wa pale wanaiita kaiti. Mwalimu wake anaiita tiara, na neno hilo ndilo nimelipenda mimi. Mwalimu alikuwa Aliya, mpwa wa Osman, msichana wa pwani aliyefundisha mchezo huo kwao. Alikuwa amekuja ziwani msimu ambao upepo wa pwani umelala.

"Shikamoo babu," Aliya akaniamkia. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hata nikaona haya kujibu.

Nyangi akaninong'oneza habari zake. Wageni wanawake walikuwa wanakuja, wanataka mwanamke wa kuwashikia tiara na kuwasindikiza majini. Osman alikuwa amemwahidi kazi hiyo akijifunza. Lakini Aliya alikuwa anarudi Malindi Jumapili, maana kaskazi ilikuwa karibu kuanza kuvuma kwao. Na Aliya alikuwa na sharti lake: hakuna anayeingia majini kabla hajaonyesha nchi kavu kwamba akiambiwa "achia" anaachia.

"Sasa shida iko wapi?" nikauliza.

"Siachii," akasema. Akatazama viganja vyake.

Jioni ile niliona mwenyewe. Upepo wa alasiri pale unatoka ziwani, unakuja kwa mshazari na kuupitia ufuo kwa urefu. Aliya alitumia tiara ndogo ya mazoezi, yenye kamba nyembamba kama uzi wa kushonea viatu. Kamba hizo zinakwenda kwenye fimbo ya kushika kwa mikono miwili, na kamba ya usalama inafungwa kwenye kifundo cha mkono, ili fimbo ikiachiwa tiara isitoroke. Niliipapasa ile kamba. Ilikuwa imara kuliko chochote nilichowahi kusokota, na nikazisogeza zangu nyuma ya bega.

"Iweke saa sita," Aliya akasema, yaani juu kabisa ya kichwa, jua linapokaa mchana. "Pale haina nguvu. Ukiishusha pembeni, ndipo inapovuta. Ikikuvuta kuliko unavyotaka, usishindane nayo. Ukivuta fimbo, unaiongezea nguvu. Mikono wazi tu. Haya."

Ile tiara ilipanda vizuri. Nyangi alikuwa na mkono mwepesi. Aliipeleka huku, akairudisha, na nikaona mwalimu anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha upepo ukaja kwa kishindo. Tiara ikachapa mbawa, ikashuka upande, na Nyangi akaruka hatua mbili mbele.

"Achia!" Aliya akaita.

Nyangi akakaza. Akaanguka kwa magoti, mchanga ukamrukia, akaburutwa.

"Achia, Nyangi! Mikono!"

Na hapo, kutoka kwa wanawake waliokuwa wameanika omena, wale dagaa wa ziwani, juu ya nyavu mbele yake kule upepo ulikokuwa unaelekea, ikatoka sauti moja: "Mak! Mak matek!" Shika, shika sana! Achieng ndiye aliyekuwa anaongoza, mwanamke mwenye kifua kipana na sauti ya kuita mashua. Nami nisikufiche, nilikuwa nimesimama, fimbo yangu ya kutembelea juu, napiga kelele pamoja nao: "Shika, mama! Usiachie!"

Upepo ukapungua. Tiara ikalala kwenye mchanga. Aliya akageuka, mikono kiunoni.

"Nani huyo anasema shika?"

Wanawake wakainamia omena zao. Mimi nikatazama ndege.

"Babu, na wewe?"

"Ni mazoea, mwanangu."

"Mazoea yenu yataniulia mwanafunzi!" Lakini alikuwa anaanza kucheka.

Achieng akapaza sauti: "Mwalimu, mwambie huyo Mkuria wako, akipaa na omena yetu mpaka Tanzania, arudi na chumvi!"

Walirudia. Ikawa vilevile. Wakarudia tena kesho yake, na magoti ya Nyangi yakawa mekundu. Aliya alimsemesha kwa upole, akamsemesha kwa ukali, akamwimbia hata. Mikono haikufunguka. Jumamosi ikabaki peke yake.

Jioni hiyo tuliketi kwenye ukumbi wa jikoni na chai ya rangi. Osman akaja, akamtazama Nyangi, akakohoa.

"Si lazima," akasema. "Kazi ya mashuka ipo. Hakuna anayekufukuza."

Hilo lilimuuma kuliko magoti, niliona. Aliya akaweka kikombe chini.

"Unaogopa nini, dada? Niambie tu. Wengi wanaogopa. Mimi mwenyewe nilimeza bahari nusu."

"Siogopi."

"Sasa?"

Nyangi akageuza kikombe chake mara kadhaa. "Nikiiachia, inaenda kwa nani?"

"Haiendi popote. Imefungwa mkononi mwako."

"Inaenda hatua nyingi kabla haijalala. Nimeiona ukiachia wewe. Inaruka mbele na hizo kamba kama wembe. Na mbele kuna akina Achieng na nyavu zao. Na wakati mwingine kuna watoto." Akasukuma kikombe kando. "Kwetu huachii mnyama akiwa anaelekea kwa watu. Bora akuburute wewe."

Aliya akageuka kutazama upande wa ufuo. Pale alipokuwa akifundisha kwao mchanga ni mrefu. Hapa alikuwa amepima nafasi kwa macho, akaona inatosha kwa tiara ndogo, na kweli ilikuwa inatosha. Lakini hakuwa amemwambia mwanafunzi, wala mwanafunzi hakuwa ameuliza.

"Mbona hukusema tangu juzi?"

"Nilidhani unaona."

"Basi kesho," Aliya akasema, "kabla ya kushika chochote, tutatembea."

Na kesho yake walitembea, mimi nyuma yao. Walifuata upepo unakoelekea, kutoka mahali pa kusimama mpaka kwenye mafunjo, wakiokota miti, wakisogeza mtumbwi mbovu. Walipofika kwa nyavu, Nyangi akachuchumaa mbele ya Achieng.

"Mama, naomba usogeze omena. Alasiri hii tu."

"Omena haina miguu," Achieng akasema. "Na jua ndilo hili hili. Mchezo wenu ungoje."

"Mwalimu anaondoka kesho."

"Aende salama."

"Ile kitu ikianguka hapa itararua wavu wako na kumwaga kazi yako yote kwa mchanga. Siwezi kuiachia ukiwa hapa."

Achieng akaacha kugeuza samaki. Akayatazama magoti ya Nyangi, yale mabaka mekundu.

"Kumbe siku hizi zote ulikuwa unaburutwa kwa sababu ya omena yangu?"

"Sasa ya nani?"

"Na mimi nakupigia kelele ushike!" Achieng akapiga mapaja, akaangua kicheko, kisha kicheko kikamwisha ghafla akafuta jicho kwa nyuma ya mkono. "Nyinyi!" akawaita wenzake kwa Kijaluo. "Inukeni! Tunahama!" Wakashika nyavu kwa pembe nne nne, omena zikimeta ndani, wakazibeba kama watu wanaohamisha mgonjwa, mpaka upande wa pili, nyuma ya mwalimu. Watoto wakafukuzwa nao.

Mbele ya Nyangi ukabaki mchanga mtupu mpaka kwenye mafunjo. Alisimama akiutazama muda mrefu. Nilimfikiria Gichana, jinsi alivyosimama mbele ya yale mahindi akihesabu majani kwa macho. Mtu yule angekuwa hai ningemwomba Osman simu nimpigie, nimwambie njoo uone.

Tiara ikapanda. Saa sita. Ikateremka, ikavuta. Upepo wa siku ile haukuwa na huruma, ulimtoa kwenye nyayo zake mara moja.

"Achia!"

Ikafunguka mikono yote miwili. Fimbo ikaruka, tiara ikaenda mbele ikipepesuka kama kuku aliyechinjwa, ikalala. Nyangi alibaki amesimama, vidole wazi hewani, anashangaa kama mtu aliyeamshwa. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Tena," Aliya akasema.

Akaachia tena. Na tena, mpaka Aliya alipoacha kumwamuru na yeye akawa anaachia mwenyewe akihisi tu. Jua lilikuwa bado liko juu ya visiwa Aliya alipokwenda kuleta tiara kubwa, wakaijaza hewa kwa pampu kwa zamu. Osman alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la mchele, amesahau alikuwa analipeleka wapi.

Ubao hawakuchukua. Siku ya kwanza majini, Aliya alinieleza, mtu anavutwa kwa tumbo tu, ajue nguvu ya ile kitu na ajue kurudi. Nyangi akaingia mpaka kifuani, Aliya ameshika mkanda wake kwa nyuma. Tiara ikainama, na wote wawili wakaondoka wakipasua maji, kichwa cha Nyangi kinazama na kuibuka, kinatema ziwa. Nilisikia sauti yake. Mwanzoni nilidhani analia. Alikuwa anaimba ule wimbo wa Kikuria wa kuongoza ng'ombe, maneno nusu na maji nusu. Nilikuwa sijausikia tangu kilimani.

Halafu kutoka nyuma ya mafunjo ikatokea mashua ya Javan, mvuvi wa pale, ikikata njia mbele yao. Aliya hakupata nafasi ya kusema neno. Nyangi alifungua mikono, tiara ikaanguka juu ya maji mbali na mashua, na mwanafunzi na mwalimu wakabaki wanaelea.

Javan akazima injini, akawatazama.

"We mama! Unaoga na nguo zote hizo?"

"Niko darasani!" Nyangi akamjibu. "Pita haraka, nataka kuendelea."

Javan akapita. Aliya akamwambia kitu ambacho upepo haukunifikishia, akaachilia ule mkanda wa nyuma, akaogelea pembeni. Nyangi akashika fimbo peke yake, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaangalia mbele mpaka mwisho, kisha akaiinua tiara.