Filimbi ya Salongo

Juzi, hapa Kolwezi, nilimwona msichana akipuliza filimbi shuleni, nikacheka peke yangu.

Nilipokuwa mwanafunzi, alasiri moja ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi, tulifagia uwanja wa shule. Vumbi lililonyunyiziwa maji lilinuka kama mvua. Mistari ya fagio za wenzangu ilikuwa imepinda, nikaifagia upya.

"Weye unafagia ao unaandika?" walinitania.

Mama mwalimu akaniita mbele. Kwetu, aliyeitwa mbele alichapwa. Nilifumba macho, nikanyoosha mkono huku nikilia.

"Unalilia nini, mama?" akasema mwalimu. "Kamata. Leo weye njo shefu ya babinti bote."

Nilipofumbua macho, kiganjani niliona filimbi ya kiongozi wa wasichana. Nikaipuliza kwa nguvu zangu zote. Wasichana wote wakasimama wima, na aliyeshtuka kuliko wote nilikuwa mimi.