Keji Ndani ya Gari la Familia

Nilipotangaza nyumbani kwamba nataka kushindana na gari letu, mke wangu hakunipinga, na taabu yangu yote ilianzia hapo. Nilikuwa nimejiandaa kupingwa. Hoja zangu nilizipanga kwenye foleni, kutoka Ubungo mpaka Maili Moja, na kwa foleni ile mtu anaweza kupanga hoja za bunge zima. Sikupata nafasi ya kutumia hata moja.

Mke wangu ni muuguzi wa chumba cha dharura hapa Kibaha. Barabara ya Morogoro humletea kazi kila siku. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikunja sare zake, kisha akauliza, "Huko kwenye mashindano mnavaa nini?"

"Helmeti," nikamjibu.

"Na nini kingine?"

"Mkanda."

"Mkanda upi?"

"Huu huu wa gari."

"Huo ni wa kuendea kazini," akasema. "Mimi nawapokea waliofunga huo wakiwa kwenye mwendo wa kawaida. Ukitaka kwenda, nenda. Ila utafunga kila kitu. Hutafunga nusu."

Rafiki yangu wa ofisini ndiye aliyenitia kwenye haya mambo. Alikuwa amenipeleka Kisarawe, kwenye shamba ambalo mwenyewe alikata barabara ya udongo katikati ya mikorosho, na baadhi ya Jumapili watu wanakwenda pale kukimbiza magari kwa kupimwa muda. Niliona gari likipinduka kwenye kona, likaviringika, likasimama tena kwa magurudumu. Dereva akatoka, akajikung'uta vumbi, akauliza kama mishikaki imeshaiva. Rafiki yangu akanieleza kwamba kilichomwokoa ni keji, yaani fremu ya mabomba ya chuma inayofungwa ndani ya gari, ikapita chini ya paa na kando ya milango, ili gari likipinduka paa lisikukalie kichwani. Mimi sikuvutiwa na keji. Nilivutiwa na yule mtu na mishikaki yake. Nilitaka na mimi siku moja niwe mtu wa namna ile.

Gari letu lilikuwa saluni ndogo ya Kijapani, rangi ya maziwa, iliyozeeka kwa heshima. Lilinipeleka Dar, lilimpeleka mke wangu zamu, na Jumamosi lilibeba unga, mkaa na ndugu. Nikalipeleka Misugusugu kwa fundi wa kuchomelea niliyemwamini, bingwa wa mageti. Aliingiza kichwa ndani, akakitoa, akasema, "Hii ni grili tu, kaka, ila inakaa ndani." Nilifurahi kuona jambo limeeleweka haraka namna ile.

Nilipokwenda kulichukua, keji ilikuwa imefungwa, imepakwa rangi nyeusi, inang'aa. Nyuma ya kiti changu kulikuwa na maua ya chuma yaliyojipinda vizuri, na juu yake safu ya mikuki midogo yenye ncha za dhahabu, kama ya geti la mtu aliyefanikiwa. Ncha zote zilielekea kisogoni mwangu.

"Nimekuongezea urembo," fundi akasema.

Mke wangu alilizunguka lile gari mara moja. "Hii inakulinda na nani?" akauliza.

"Na ajali."

"Ajali inaruka ukuta?"

Mikuki ilikatwa siku hiyo hiyo. Maua yalibaki kwa sababu fundi aliumia sana, na mimi sipendi kumvunja moyo mtu anayependa kazi yake. Lakini hayakudumu. Mkaguzi wa klabu inayoandaa yale mashindano, mhandisi mstaafu mwenye sauti ya chini, alitoboa tundu dogo kwenye bomba mojawapo, akachungulia unene wake kama daktari anavyochungulia sikio. "Hili ni bomba la maji," akasema. "Ni bomba zuri. Lirudishe kwenye maji."

Keji ya pili ilitengenezwa kwenye karakana moja Kisarawe inayounda bodi za malori, kwa mabomba ambayo mkaguzi aliyagusa na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Safari hii kazi ilikuwa kazi kweli. Walivua zulia, wakachomelea vibao vya chuma sakafuni, wakasimamisha mabomba juu yake. Kiti cha nyuma kikatolewa kwa kuwa mabomba yalipita pale pale, kikahamia sebuleni kwetu, ambako mpaka leo tunakalishia wageni. Mbele vikaja viti viwili vya mashindano, vyenye mbavu za kumbana mtu pande zote. Kila kiti kilikuwa na mikanda ya mabegani, ya kiunoni na ya kupita katikati ya mapaja, yote ikikutana kwenye kifungo kimoja tumboni. Mtungi wa kuzimia moto ukafungwa karibu na miguu ya abiria.

Sasa nilikuwa na gari salama kuliko yote mkoa wa Pwani, na halikuweza kubeba gunia la mkaa. Mke wangu alikwenda zamu kwa bajaji. Hakulalamika. Watoto wa dada yangu, waliozoea kuja wikiendi, walifika, wakachungulia, wakarudi kwa basi.

Siku ya kwanza kwenda nalo kazini nilifunga breki pale Maili Moja kumpisha mbuzi, mikanda yangu ikiwa imelegea, nikagonga paji la uso kwenye bomba. Ofisini wakaniuliza nimepigwa na nani. Nikasema ni kifaa cha usalama. Jioni mke wangu aliukanda uvimbe, kisha akatoka nje na kuyavisha sponji ngumu mabomba yote yaliyokaribia kichwa. Mtu asiye na helmeti, alisema, hana sababu ya kukaa karibu na chuma kitupu. Kisha akaanza kunifundisha. Alinikalisha kwenye gari lililosimama uani, akanifunga, akaniambia nifumbe macho, nifungue mikanda kwa kupapasa, nitokee dirishani. "Ukiwa umening'inia kichwa chini," alisema, "mkono mmoja kwanza kwenye paa, ndipo ufungue. La sivyo utaanguka na shingo." Nilirudia mpaka jirani yetu akaja ukutani kumuuliza mke wangu kama tumepoteza ufunguo wa mlango.

Wakati huo mama mkwe wangu alikuwa kwetu. Alitoka Kurui kuja kutibiwa macho, na sasa alitakiwa kurudi kwenye harusi ya mjukuu wake. Mke wangu alikuwa zamu siku ile, hivyo mwenye kumpeleka ni mimi. Asubuhi nikamwamkia mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Sasa naingilia wapi?"

Lilikuwa swali la haki, maana bomba moja la keji lilikatiza mlango. Alipandisha kanga zake, akavuka mguu mmoja, akapumzika, akavuka wa pili. Mke wangu, kabla ya kwenda kazini, alimfunga mikanda yote juu ya kanga zake na kuivuta. Mama mkwe akajaribu kuinama kuokota mkoba wake, akashindwa. "Nimefungwa," akasema. Hakulaumu, alitoa taarifa tu.

Tulikwenda mwendo mrefu. Kisha akauliza, "Baba, haya machuma ni ya nini?"

"Gari likipinduka, mama, tusiumie."

"Kwani huwa linapinduka?"

"Halijawahi."

Akafikiri. "Na wewe unataka lipinduke?"

"Hapana, mama."

"Haya. Endesha hivyo hivyo."

Nikaendesha hivyo hivyo, taratibu, mpaka lori la mihogo likatupita na dereva wake akatupungia mkono.

Tulipofika harusini, wanawake walikuwa wakiimba uani. Nilibonyeza kifungo cha mikanda yake, hakikufunguka. Nyuzi za pindo la kanga zilikuwa zimeingia ndani yake na kujisokota. Nikavuta, nikavuta tena. Nyimbo zikapungua, watu wakaanza kusogea. Shangazi mmoja alishauri kisu. Mwingine, aliyechelewa kufika, aliuliza kama huyo ndiye bibi harusi. Mama mkwe alikaa wima kama hakimu, akapokea shikamoo za ukoo mzima akiwa amefungwa, akawauliza hali zao mmoja mmoja, na mimi nikiwa nimepiga magoti miguuni pake nikichambua nyuzi kwa kucha. Kijana mmoja aliyekuwa amechumbia kwenye ukoo ule aliniangalia kwa huruma ya mtu anayeona yatakayomkuta.

Alipotoka hatimaye, alijinyoosha. Nilisubiri nisikie. "Mgongo hauumi," akawatangazia. "Magari yenu yananirusha kama karanga kwenye ungo. Hili limenishika." Tangu siku ile hataki gari jingine. Akitaka kuja Kibaha huagiza lile la kufungwa.

Siku yangu ya mashindano ikafika. Mke wangu aliomba kubadilishana zamu, tukaenda wote Kisarawe. Alivaa gauni la kutokea na viatu vya wazi, na begani alikuwa na begi lake la kazini. Wake wa madereva wengine walikaa kivulini na vyakula. Yeye alinifunga. Mkanda wa mwisho aliuvuta kwa goti.

"Unapumua?"

"Kidogo."

"Inatosha."

Mzunguko wa kwanza nilihisi napaa. Mikorosho ilinipita kama ukuta wa kijani, na nilijionea huruma kwa miaka yote niliyoipoteza kwenye foleni. Baadaye rafiki yangu alinionyesha video. Kwenye video napita kama mtu anayetafuta nyumba ya kupanga. Lakini wakati ule sikuijua video, nikaongeza mwendo, na kwenye mzunguko wa pili nikaingia kona nikiwa na imani nyingi kuliko breki. Gurudumu la nyuma likapanda tuta. Gari likainuka upande mmoja, likasita, likapinduka.

Lilipinduka kwa adabu, niseme ukweli. Kulikuwa na mshindo mmoja mkubwa, kioo cha mbele kikamwagika, kisha kimya na udongo ukichuruzika mahali fulani. Nilikuwa nimening'inia kichwa chini. Nimesikia kwamba maisha yote hupita mbele ya macho ya mtu. Mbele yangu vilipita kalamu, kipande cha andazi na vumbi la mkaa wa Jumamosi nyingi, vyote vikianguka kutoka chini ya viti.

Nilisubiri kusikia mke wangu akipiga kelele. Sikusikia. Nilisikia watu wengine, na miguu mingi ikikimbia. Kisha kupitia dirishani, juu chini, nikamwona. Alikuwa anatembea, begi begani. Alifika kwenye dimbwi, akalizunguka.

Aliyenifikia kwanza alikuwa msimamizi wa kona na mtungi wake wa kuzimia moto. Hapakuwa na moto. Lakini alikuwa amesimama pale kwenye jua tangu asubuhi bila kazi, na sidhani kama angeweza kujizuia. Alinipulizia unga mweupe wa mtungi mzima. Kwa kukohoa nikasahau mafunzo ya uani. Nilibonyeza kifungo bila kuweka mkono kwenye paa, nikaangukia helmeti.

Mke wangu alipiga magoti kwenye udongo na gauni lake.

"Leo siku gani?"

"Jumapili."

"Chezesha vidole. Na vya miguu. Shingo?"

"Nzima."

Alinishika kisogo kwa mikono miwili, akanitazama jicho moja baada ya jingine, ndipo akaniruhusu kutoka. Nilitokea dirishani nikiwa mweupe kama aliyevingirishwa kwenye unga wa ngano. Kati ya yote yaliyonipata, kikohozi ndicho pekee kilichohitaji dawa. Watu waligeuza gari likasimama. Paa lilikuwa limebonyea, lakini keji haikupinda popote. Mkaguzi aliipiga picha kutoka kila upande. Mimi hakunipiga.

Baadaye tulikaa pembeni ya hema la chakula. Mishikaki ilikuwa imeshaiva, lakini sikuona sababu ya kuiulizia.

"Ulitembea," nikamwambia.

"Ndiyo."

"Watu wote walikimbia. Hata muuza maji alikimbia."

"Wale hawajui kilichomo humo ndani. Mimi kila nati nimeishika. Halafu nikikimbia nafika mikono inatetemeka. Shingo ya mtu huishiki na mikono ya hivyo."

Nikataka kusema kitu cha mzaha. Nikaona kijiti cha mshikaki alichoshika. Hakuwa amekula hata kipande, na nyama ilikuwa inachezacheza kwenye kijiti, haitulii. Nikageuka nikaangalia magari.

Tulirudi nyumbani bila kioo cha mbele, mimi nimevaa helmeti kwa sababu ya vumbi, yeye amefunga mikanda yote na kuvaa miwani ya jua. Askari wa barabarani alitusimamisha, akatazama helmeti, paa, na ule unga mwilini mwangu.

"Kioo kiko wapi?"

"Kisarawe, afande."

Alimtazama mke wangu, kama anayetafuta mtu mzima wa kuzungumza naye. Sijui aliona nini. Alituambia twende polepole na kesho lile gari lionekane gereji, si barabarani.

Lilikaa gereji, paa likanyooshwa, kioo kikawekwa. Nimerudi Kisarawe mara kadhaa. Sijapinduka tena, na muda wangu haujawahi kumshtua mtu. Mke wangu bado hubadilishana zamu ili aje. Hunifunga mwenyewe, huvuta mpaka nigune, hufunga mlango, kisha huenda kusimama peke yake kwenye ile kona, juani, na begi lake.