Beseni la Mama Vero

Afisa maji huongea polepole, kama mtu anayemimina maziwa ya moto kikombeni. Kila anapokuja kijijini kwetu Nyaishozi huwa na rasimu kwapani, ya mwongozo wa serikali wa kutumia tena maji yaliyokwisha kutumika, na hutaka maoni yetu. Vidole vyake ni visafi mno. Hufuta kalamu kwa leso kabla ya kuandika, na akifika kwenye neno “tone” lazima anyanyue kidole. Juzi tulikutana naye barazani kwa Mama Vero. “Mama, maji ya kunawa huwa mnayapeleka wapi?” Mama Vero alimtazama tu, kama mtu aliyeulizwa mtoto wake analala wapi. Hapa maji tunayapandisha kichwani kutoka bondeni, na ya beseni huishia kwenye shina la mgomba tangu enzi za bibi zetu. Afisa akaandika kitu. Ndizi zikaletwa, tukanawa wote tisa, afisa akiwemo, kwenye beseni lile lile. Baada ya kula tukanawa tena. Hapo afisa, kwa adabu ya mgeni asiyetaka kumchosha mwenyeji, akalibeba beseni mwenyewe, akavuka migomba yote na kuyamwaga maji barabarani. Mikono ilituenda midomoni. “Kayamwaga?” Mama Vero alininong'oneza. “Kayamwaga njiani?” Vumbi lilikwisha kuyanywa. Afisa akarudi akitabasamu, akafuta kalamu, akatusomea alichoandika: “Wananchi wa hapa hawana mazoea ya kutumia tena maji. Waelimishwe.”