Oili Iliyogeuka Nyeusi

Mama yangu alikuwa akikaanga samaki na kuuza pale Mlabani, na karibu yote niliyoyajua kuhusu mafuta niliyapata kando ya karai lake. Mafuta mazima, alisema, hukaanga perege wa asubuhi mpaka wa jioni na rangi yake haibadiliki sana. Yakiwa meusi kabla hajageuza samaki wa tatu, yamechanganywa, na aliyeyauza asirudi tena uani kwake. Alikuwa anachovya kidole, anakisugua kwa gumba, ananusa, kisha anamtazama muuzaji usoni mpaka yule anaanza kujieleza bila kuulizwa. Nilirithi kidole na jicho lile, na kwa miaka mingi nilijiona mtu mwerevu kwa ajili hiyo.

Miaka ya hamsini ilinikuta msimamizi wa mashine ya kukoboa mpunga huko Kibaoni. Ilikuwa injini ya dizeli ya silinda moja, ikizungusha mkanda mrefu unaovuta kinu cha kukobolea. Mwenye mashine, tuliyemwita Bwana Mkubwa, alikaa mbali na kuja mara mojamoja. Siku zote zilizobaki injini ilikuwa yangu. Niliisikiliza kama mtu anavyosikiliza tumbo lake mwenyewe.

Wakati ule palikuwa na oili za aina mbili, na watu wa magari walizijua kwa picha. Moja ilikuja katika mabati yenye picha ya nyati, nyingine katika mapipa yenye picha ya ndege. Ungewakuta madereva wa malori wanasubiri pantoni mtoni, wanagombana juu ya Nyati na Ndege utadhani ni madhehebu. Wa Nyati alisema Ndege inaua injini. Wa Ndege alisema Nyati ni uji. Hakuna aliyekuwa na ushahidi, kila mmoja alikuwa na binamu ambaye gari lake lilikufa. Mimi nilikuwa mtu wa Nyati, tena Nyati namba arobaini, kwa sababu arobaini ni kubwa kuliko thelathini. Sikutafuta sababu nyingine.

Masika ya mwaka mmoja barabara ilikatika na mabati ya Nyati yakaisha dukani. Lilibaki pipa la Ndege, namba thelathini, na mwenye duka alikuwa anawapimia watu katika madebe yao. Aliyetumwa kuleta oili ya mashine alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu. Kazi ile nilimtafutia mimi. Alikuwa mgane, mtu mpole wa maneno machache, na wakati huo alikuwa ameposa upya katika nyumba moja ya kule Mlabani kwetu. Alikuwa anafunga debe nyuma ya baiskeli, anakwenda, anarudi, anamimina.

Debe la kwanza la Ndege nilichovya kidole. Ilikuwa nyepesi. Nikanusa, nikahisi kama kuna mafuta ya taa. Tukaimimina, injini ikanguruma siku nzima, na jioni nilipochomoa kijiti cha kupimia, oili ilikuwa nyeusi tii. Nyati ilikuwa inakaa majuma mawili na bado ni ya kahawia. Nilisimama na kile kijiti mkononi na jambo la kwanza lililonijia halikuwa injini. Lilikuwa ile baiskeli.

Nikaanza kuhesabu mambo. Kwa nini anachelewa kurudi? Kwa nini juzi alionekana akizungumza na madereva? Posa inaendeleaje haraka namna hii? Mtu akishaanza kushuku, hata salamu inakuwa dalili. Shemeji akisema shikamoo yangu ameipokea kwa furaha, nilijiuliza furaha hiyo imetoka wapi. Nikaona picha yote: oili njema inauzwa kwa madereva, na oili chakavu waliyoimwaga kutoka kwenye magari inarudi kwenye debe letu. Tulibadilisha oili tena. Ikawa nyeusi tena.

Kwetu neno zito kati yako na ndugu wa mkeo halitoki mdomoni mwako. Hupitia kwa mshenga, yule yule aliyepeleka posa yako. Basi nikamwita mzee aliyeniposea, nikampa ujumbe ambao naamini hakuna mshenga mwingine katika bonde letu aliyewahi kuubeba: akamuulize shemeji yangu oili ya mashine inakwenda wapi.

"Mwanangu," alisema mzee, "mimi nilikuposea binti wa watu. Sikujua siku moja nitatumwa kuposa na oili."

Alikwenda hata hivyo. Akarudi na jibu: "Shemeji yako amesema, njoo mwende wote wawili dukani. Mwenye duka apime mbele yako, debe ulibebe wewe, umimine wewe. Halafu mwangalie pamoja."

Lilikuwa jibu la haki, na mtu yeyote mwenye akili timamu angekwenda. Mimi sikwenda. Nilijiambia kwamba anayekuita dukani ameshapatana na mwenye duka. Naandika haya leo na aibu ile ile inanirudia, maana mlango ulikuwa wazi kabisa na ni mimi niliyekataa kuingia.

Siku chache baadaye Bwana Mkubwa akafika. Alichomoa kijiti mwenyewe, akakunja uso.

"Oili hii nani anaileta?"

"Shemeji yangu, Bwana."

"Anaiba?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema bado tunachunguza. Nilisema, "Sijui, Bwana, lakini oili hii si nzima."

Kabla ya saa sita shemeji alikuwa ameachishwa kazi. Alichukua shati lake kwenye msumari, akalikung'uta pumba, akaagana na wabebaji wa magunia mmoja mmoja. Mimi alinifikia mwisho. "Haya, shemeji," alisema, "kazi njema." Hakuwa na kejeli hata kidogo, na hilo lilinikera. Nilisema moyoni kwamba mwizi mzoefu hutulia.

Habari haziombi kibali. Ndani ya juma moja Mlabani nzima ilikuwa inamjua kama mwizi wa oili. Wazazi wa yule mchumba wakarudisha posa, tena kwa mkono wa mzee yule yule, kwa sababu na posa ya shemeji alikuwa ameibeba yeye. Shemeji akafunga mzigo akaenda Mchombe kulima mpunga katika shamba la mjomba wao. Mke wangu hakugomba. Alipika, alinitengea, kisha akasema, "Kaka yangu ulimtia kazini wewe, na umemtoa wewe. Sasa mimi nikalalamike kwa nani?" Nikala.

Barabara ilipokauka Nyati ikarudi. Nikaimimina mwenyewe, na siku baada ya siku kijiti kilitoka na ile kahawia yake safi. Niliwaonyesha wabebaji. Nilimwonyesha hata mshenga, alipopita njiani, na yeye akatikisa kichwa, akaendelea na njia yake. Nilifurahi, nasema kweli. Nilifurahi kwa sababu nilikuwa sahihi.

Halafu ukaja msimu wa mavuno, magunia yamepangana mpaka nje, na injini ikaanza kutoa moshi wa bluu. Kuwaka asubuhi ikawa vita. Nguvu zilipungua, mpunga ukawa unatoka nusu umekobolewa nusu na maganda yake, na wenye mpunga wakaanza kunitazama kama mama yangu alivyowatazama wauza mafuta. Bwana Mkubwa akaagiza fundi kutoka Kilosa.

Fundi yule alikuwa mtu mfupi mwenye haraka. Alifungua injini uani, akaitoa pistoni, akaniita. Ringi zile za chuma zinazotakiwa kucheza katika mifereji yake zilikuwa zimegandamana na utando mweusi mgumu. Chini, palipokaa oili, palikuwa na tope la miaka. Alikwangua kwa bisibisi akanionyesha sehemu moja iliyokuwa safi mpaka chuma kinang'aa.

"Kuna wakati mlitia oili ya kuosha humu," alisema. "Ilikuwa imeanza kazi. Mbona mliiacha?"

Nikamwambia ile ilikuwa inageuka nyeusi siku hiyo hiyo.

"Ukifua shati la shamba, maji yakabaki meupe, utaisifu sabuni?"

Kisha, kwa tabia yangu, nikaanza kumshuku na yeye. Nikamuuliza kama wenye Ndege ndio wanaomlipa. Hakukasirika. Alichukua bati la Nyati, akaligeuza, akaniwekea kidole kwenye maandishi madogo yaliyokuwa chini. Nyati nao walikuwa na oili ya kuosha, alisema, ila si hii niliyoizoea. Picha haikuwa na maana. Cha kuangalia ni aina na namba, na kitabu cha injini yetu kilisema thelathini. Arobaini ilikuwa nzito mno kwake asubuhi, ikichelewa kufika juu. Nilikuwa nimeyashika mabati yale miaka mingi, na maandishi yale sikuwahi kuyasoma hata mara moja. Nilikuwa naangalia nyati.

Sikumwamini bado. Injini ilipofungwa, tope jingine likiwa bado limo ndani, nilikwenda dukani kwa miguu yangu. Mwenye duka alinipimia kutoka kwenye pipa la Ndege mbele ya macho yangu, nikalibeba debe begani, nikamimina, nikakaa juu ya gunia pale pale. Sikwenda kula. Hakuna mkono uliogusa injini ile zaidi ya wangu. Alasiri nikachomoa kijiti.

Ilikuwa nyeusi tii.

Na hapo hapakuwa na baiskeli, wala madereva, wala shemeji. Palikuwa na mimi tu.

Nilipanda lori la mpunga kwenda Mchombe. Sikumtuma mshenga. Nilijua ni kosa kwa desturi, lakini mzee wa watu alikuwa amebeba ya kutosha. Nilimkuta shemeji akipiga mpunga juu ya mkeka. Amekonda, mikono imepasuka. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanitafutia kigoda. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama: pistoni, tope, debe nililolibeba mwenyewe. Nikasema, "Hukuiba. Nilikosea, na nilikosea kwa makusudi, kwa sababu uliniita tukaangalie nami nikakataa." Nikasema nitakwenda kwa wale wazazi wa mchumba niwaambie kwa mdomo wangu.

"Ameshaolewa," alisema.

Nililia, sioni sababu ya kuficha. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Nimesikia, shemeji. Nimesamehe. Mwambie dada nitakuja kumwona." Na alisema kweli, alikuja, akacheza na wanangu, na hakuwahi kulitaja jambo lile mbele ya mtu.

Kabla sijaondoka aliingia ndani akatoka na kibuyu cha pombe. Akamimina katika kata. Kwetu mwenyeji humwonjea mtu wa mbali, anakunywa yeye kwanza, ili mgeni asiyemjua aone hamna sumu. Ndugu haonjewi. Anapewa kata imejaa, na anakunywa bila kufikiri.

Shemeji aliinua kata, akanywa funda moja taratibu huku akinitazama, akafuta mdomo wa kata kwa kiganja, akanipa.

Nilikunywa yote. Nilikwenda Mchombe mara nyingi baada ya hapo, kwa misiba na kwa mavuno, mpaka mwaka aliofariki. Kila mara alinikaribisha vizuri, na kila mara alionja kwanza.