Futi Tatu za Damas Lugembe

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Jumamosi ya tarehe 15 Novemba 1969, Damas Lugembe anavunja ukuta alioujenga kwa mikono yake. Anapitisha patasi chini ya tofali la juu, anagonga mara mbili, linang'oka zima. Analiweka chini, anarudi kwa jingine.

Ukuta umefika futi nne. Ni wa upande mmoja wa banda la gari ambalo Damas, dereva wa teksi mwenye umri wa miaka arobaini na saba, amekuwa akilijenga nyumbani kwake Kanyenye, mjini Tabora, tangu Septemba. Matofali aliyaunganisha kwa udongo kwa sababu saruji ilikuwa imeadimika.

"Leo uhaba umenifaa," anasema. "Ningepata saruji, ningekuwa navunja matofali, si ukuta."

Gari lenyewe, Pijo iliyokwisha kupita mikononi mwa watu wawili, limesimama nje, pembezoni mwa njia ambayo zamani misafara iliifuata kwenda Ujiji. Msimu wa mvua uliopita lililala hapo hapo. Maji yaliingia kwenye nyaya za plagi, na asubuhi kumi na tisa lilikataa kuwaka. Abiria wa treni ya Kigoma walichukuliwa na madereva wengine. Mwezi wa kawaida Damas hubakiwa na shilingi mia mbili na themanini baada ya petroli; Januari ile alibakiwa na tisini.

Ndiyo maana aliomba kibali cha kujenga. Halmashauri ya mji ilimpa, kwa sharti kwamba ukuta uwe futi tano kutoka mpaka wa jirani. Kibali kinakwisha tarehe 30 Novemba. Kikipita, ataomba upya mwakani, na gari litapigwa na mvua msimu mwingine mzima.

Damas alipima futi tano kutoka kwenye ua wa minyaa. Hapo ndipo alipokosea.

Ua huo aliupanda marehemu baba yake mwaka 1951. Mnyaa hauhitaji mbegu: tawi huvunjwa, likachomekwa ardhini, likashika. Mmoja ukikauka, Damas alichomeka mwingine kando yake. Upande wake palikuwa na njia ya mbuzi, ardhi ngumu kama sakafu. Upande wa pili jirani yake, Bachubai, alimwaga maji ya kufulia, na udongo ulikuwa laini mwaka mzima. Kwa miaka kumi na minane kila tawi jipya lilichomekwa palipo laini.

Bachubai ni mjane, ana duka la nguo na kamba mbele ya nyumba yake. Tarehe 4 mwezi huu alisimama mlangoni akitazama ukuta ukipanda.

"Damas," alisema, "ua wako una miguu. Kila masika unakuja kunywa chai kwangu."

"Mama, ua huu ni wa mzee Lugembe."

"Mzee Lugembe alipanda mmoja. Wewe umepanda wa pili, na wa tatu, na wa nne."

Damas anakiri kwamba alikasirika. Hata hivyo, siku mbili baadaye alimwita Bwana Raymundi, mkaguzi wa majengo, wakaitafuta bikoni, jiwe la mpaka lililozikwa na wapima ardhi. Jembe liliigonga kwenye njia ya mbuzi, upande wa Damas, futi tatu kutoka kwenye ua. Ukuta wa banda, basi, ulikuwa futi mbili tu kutoka mpaka wa kweli.

Kanuni iliacha mlango mmoja: jirani akikubali kwa maandishi, ukuta unaweza kubaki. Damas alivaa shati safi akaenda kubisha hodi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Najua ulichokuja nacho, na sitatia sahihi."

"Tuna ugomvi?"

"Ugomvi wa nini? Kiwanja hiki namwachia Indu, binti yangu. Mimi nitakufa, Damas. Karatasi haifi."

Alimmiminia chai. Damas aliinywa, akarudi nyumbani kupima upya.

Kurudisha ukuta futi tatu kulimaanisha banda la futi kumi libaki na futi saba, kwa kuwa upande wa kulia kuna jiko la mkewe, Eustadia. Damas aliwahi kugusia kwamba jiko linaweza kupunguzwa kidogo.

"Nimepika humo tangu uliponioa," Eustadia alimjibu. "Wewe gari umelinunua juzi. Punguza gari."

Gari lina upana wa futi tano na inchi nne. Zinabaki inchi ishirini. Bwana Raymundi alipoelezwa hesabu hiyo alisema atakuja kuona dereva akitoka garini. "Kibali ni cha banda," alisema. "Si cha mtego."

Saa tatu na nusu ukuta umekwisha kushuka wote. Saa nne Bwana Raymundi anafika na utepe wake. Bachubai anatoa kamba dukani, anamkabidhi Damas juu ya ua. Damas anapigilia vigingi vya uso wa nje na wa ndani wa ukuta mpya, na kuivuta kamba kwenye vile vya ndani. Kulia, ukuta wa jiko upo tayari.

"Ndugu Damas, ukiigusa kamba, umegusa ukuta," anasema Bwana Raymundi.

"Nimesikia."

Analiingiza gari polepole, akiubana upande wa kamba. Linasimama. Bwana Raymundi anainama: kushoto inchi nne, kulia kumi na sita. Kamba haijatikisika.

Mlango wa dereva unafunguka hadi unagusa jiko. Damas anatoa mguu, kisha bega, kisha anavuta tumbo ndani.

"Usithubutu kunenepa," anasema Eustadia kutoka dirishani. "Utakuja kulala humo."

Bachubai anacheka hadi anashika mlango wake.

Damas anatoka. Anasema akishaezeka, alfajiri ya kwanza ya mvua atakuwa stesheni kabla treni haijapiga honi. "Sihitaji zaidi," anasema. "Liwake tu."

Bwana Raymundi anapima kutoka kwenye bikoni hadi kigingi cha nje. Futi tano kamili. Saa nne na dakika hamsini anaiweka karatasi juu ya boneti, anaandika "Imekubaliwa", anatia sahihi na tarehe. Damas anaondoa gari, anachukua jembe, na kuanza kuchimba msingi.